Tiba kwa Amri ya Mahakama Isiwe Mlango wa Kufukuzwa Kazi



Hapa kwetu Kafutuma, na kando yote ya Ziwa Mweru, hakuna asiyemjua mwenzake aliyetawaliwa na kachasu au bangi. Vifuko vya tujilijili vilipigwa marufuku mwaka 2012, lakini kiu haikupigwa marufuku.

Wako wanaosema kwamba mtu wa namna hiyo akifikishwa mbele ya hakimu, afadhali aamriwe kwenda kutibiwa kuliko kufungwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ilikwisha kumpa hakimu uwezo huo. Sisi tunaliunga mkono wazo hili. Mtu aliyetawaliwa na ulevi ni mgonjwa, na jela si zahanati. Lakini kuunga mkono si kufumba macho. Yako maswali manne.

Kwanza, haki yake ni ipi? Katiba ya Zambia, ibara ya 13, inaruhusu mtu aliyetawaliwa na pombe au dawa za kulevya azuiliwe kwa ajili ya matunzo na tiba, au kwa kuilinda jamii. Basi tusidanganyane kwamba jambo hili haliwezekani. Lakini ibara hiyo hiyo inataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ibara ya 18 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Sisi wa Kibemba na Kiswahili tusiitikie "ndiyo" kwa Kiingereza tusichokifahamu. Tuulize: ni kwa muda gani, na nani ataamua kwamba mtu amepona? Asiye na fedha za wakili aiendee Bodi ya Msaada wa Sheria.

Pili, atatibiwa wapi? Hospitali kuu ya magonjwa ya akili, Chainama, iko Lusaka, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka hapa. Nani atalipa nauli, na nani atawalisha watoto? Tiba ianzie karibu, hospitali ya St. Paul's na zahanati zetu. Tena jambo hili ni la uhai: mnywaji wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafula bila mganga anaweza kushikwa na kifafa na kufa. Kumfungia chumbani si kumtibu.

Tatu, je, huko atafanyishwa kazi? Ibara ya 14 inakataza kazi ya kulazimishwa, lakini haihesabu hivyo kazi inayotokana na hukumu au amri ya mahakama. Mwanya ndio huo. Mkataba wa 29 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Zambia iliuridhia mwaka 1964, unasema aliyehukumiwa asikodishwe kwa mtu binafsi wala kampuni. Mgonjwa akilimishwa shamba la mtu bila ujira, hiyo si tiba.

Nne, na hili ndilo kubwa, kazi yake itamngoja? Mwajiri atasema ulevi ni kosa la mtu mwenyewe, kwa hiyo hana likizo ya ugonjwa. Lakini mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1996 unasema matatizo ya pombe na dawa yahesabiwe kama matatizo ya afya, na siri ya mgonjwa itunzwe. Mwongozo si sheria. Nguvu yake itatoka katika mkataba wetu na mwajiri. Hata saa za kazi zina maana: huko Muhimbili, Dar es Salaam, ambako dawa ya methadoni kwa watumiaji wa heroini ilianza kutolewa mwaka 2011, wagonjwa walitakiwa kuinywa kila siku mbele ya mhudumu. Mtu wa zamu atafikaje bila ruhusa?

Hatusemi mlevi aachwe kwenye mashine. Mlevi mmoja anaweza kumkata mwenzake mkono. Aondolewe mashineni, apelekwe kwa mganga, na nafasi yake ihifadhiwe.

Kwa hiyo tunadai mkataba ujao wa hali bora uandike mambo matatu: likizo ya tiba yenye malipo, siri ya mgonjwa, na kurudi kazini baada ya tiba. Anayetaka kutibiwa kwa hiari yake apate hayo hayo, asingoje mpaka afikishwe kizimbani.

Leteni jambo hili katika mkutano wa tawi. Mwenzetu akizama, tumvute. Tusisimame ufukoni tukihesabu makosa yake.