Kukanusha mara mbili, hadi ndani ya ubongo

Rafiki yangu wa udaktari hapa Lubumbashi alikesha akikariri kwa Kifaransa njia mbili za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili. Asubuhi zilikuwa zimemchanganyikia. Nikamkumbusha sarufi yetu: "hakuna asiyejua" maana yake wote wanajua. Makanusho mawili huzaa kukubali.

Basi hesabu mazuio. Njia ya moja kwa moja: striatumu huzuia palidumu ya ndani, ambayo kazi yake ni kuzuia talamusi. Mazuio mawili: mkono unasogea. Njia ya kuzunguka: striatumu huzuia palidumu ya nje, ambayo huzuia kiini kilicho chini ya talamusi, kiini hicho kikiachiwa, huchochea palidumu ya ndani, nayo huzuia talamusi. Mazuio matatu: mwendo unatulizwa. Dopamini huipa nguvu njia ya kwanza na kuipunguzia ya pili. Ikipungua, kama katika ugonjwa wa Parkinson, mwili unakuwa mzito.

Mtihani ataandika kwa Kifaransa, sawa. Lakini kuelewa kulikuja kwa Kiswahili. Sisi wa lugha za Kiafrika tusingoje kuombwa: tuketi na wenzetu wa udaktari, tutafute maneno pamoja. Kesho mgonjwa atauliza kwa nini mkono wake umekuwa mzito, na atauliza kwa Kiswahili.