Barafu ya ncha za dunia na dagaa wa Kigoma

Anayesema mwani wa barafuni hauwahusu watu wa Ushetu, huku Kahama, ameitazama barafu, hakutazama kazi inayofanyika ndani yake. Mwani huo huota kwenye vijitundu vya maji ya chumvi na upande wa chini wa barafu ya bahari. Bonge likipinduliwa, tumbo lake huonekana la kahawia. Krili, viumbe vidogo mithili ya kamba, huukwangua wakati chakula kingine ni haba, na pengwini na nyangumi huwala krili. Ziwa Tanganyika lina kisa kama hicho bila barafu. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na yale ya kina yenye virutubisho, mwani ukadhoofu, na dagaa hula vijidudu vinavyoishi kwa mwani. Utafiti wa mwaka 2003 ulikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20, na samaki huenda kwa asilimia 30.

Wapo watakaosema ni nyavu, si joto. Nyavu zimo, sikatai, na kufunga ziwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024 kulikuwa na maana. Ila tope la sakafu ya ziwa, katika utafiti wa mwaka 2016, linaonyesha mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo kikopo cha dagaa wa Kigoma kikipanda bei sokoni Kahama, tusimlaumu mvuvi peke yake. Kufunga ziwa huwapa samaki nafasi ya kuzaa, hakuwaongezei chakula.