Na Wewe Umejifanyia Nini?

Mtaani kwetu Section 58 kuna mwalimu mstaafu ambaye watu wengi humcheka akishapita. Hubeba faili la kijani. Ndani yake mna nakala za barua alizoandika kuhusu taa za barabarani, mtaro unaofurika kila mvua za Aprili zikianza, na kiwanja kidogo ambacho watoto huchezea mpira na ambacho mtu fulani ameshaanza kukiwekea mawe ya mpaka. Amezunguka ofisi hii na ile kwa nauli yake mwenyewe. Jumapili moja alitukuta kibandani tukila chapo na madondo, akatuomba tutie sahihi barua nyingine. Wachache tulitia. Alipotoka, jamaa mmoja akasema: "Huyu mzee amefundisha miaka thelathini, hata gari hana, na bado anapigania kiwanja ambacho si chake. Kwani yeye amejifanyia nini?"

Kibanda kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo swali hilo huulizwa mimi kila Krismasi, na mtu aliyezoea kuulizwa swali hufurahi likigeuziwa mwingine.

Lakini njiani kurudi nyumbani swali lilinikaa. Halikuzaliwa pale kibandani. Tunajua liliulizwa lini, wapi na nani.

Ilikuwa Aprili 1965, Kandara, Murang'a. Rais Jomo Kenyatta alisimama mbele ya umati katika eneo bunge la Bildad Kaggia. Wawili hawa walikuwa wamefungwa pamoja. Katika kesi ya Kapenguria watu sita walihukumiwa Aprili 1953 kwa madai ya kuongoza Mau Mau: Kenyatta, Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Kaggia alikula jela na Kenyatta kule Lokitaung, kwenye joto la Turkana. Baada ya uhuru aliendelea kusema jambo moja bila kuchoka: walionyang'anywa ardhi na waliopigana msituni wapewe ardhi, wasiuziwe. Mwaka 1964 msimamo huo ulimtoa serikalini.

Siku hiyo Kenyatta alimlaumu kwa kuwafundisha watu kutaka vya bure. Kisha akaanza kuwahesabu waliofungwa pamoja nao. Ngei amepanda kahawa. Kubai ana nyumba kubwa na shamba zuri. Karumba ana mabasi yake. Na kila alipomaliza kumtaja mmoja, alimrudia Kaggia na kumuuliza amejifanyia nini.

Fikiria kidogo. Mtu ameuliza kuhusu maelfu ya watu wasio na ardhi, naye anajibiwa kwa kukaguliwa mfuko wake. Umaskini wa kiongozi aliyekataa kula ukageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Na umati ule ulikuwa wa wakulima wadogo na maskwota, watu waliohitaji zaidi ya wote kwamba Kaggia asiache kuwasemea.

Watu wa Nakuru tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya Murang'a. Katika uchaguzi wa 1963, wawili kati ya wale sita walikuwa wabunge wetu. Fred Kubai alichukua Nakuru East. Achieng' Oneko alichukua Nakuru Town, Mjaluo aliyechaguliwa na mji wa watu wa kila kabila, akafanywa Waziri wa Habari. Huyu Oneko rufaa yake ya Kapenguria ilifaulu, lakini wakoloni wakamweka kizuizini hata hivyo kwa miaka. Alikuwa na kila sababu ya kukaa kwenye kiti cha uwaziri na kusema, jamani, nimeteseka vya kutosha, sasa acheni nile.

Mwaka 1966 aliacha uwaziri. Alijiunga na Oginga Odinga na Kaggia katika chama kipya cha KPU, chama kilichosema kwamba uhuru ulikuwa umegeuzwa mali ya wachache. Bunge likabadilisha katiba haraka haraka ili waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Oneko alishindwa hapa Nakuru. Kaggia alishindwa Kandara. Mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku na Oneko akatiwa kizuizini tena, safari hii na serikali aliyoipigania, hadi 1975. Mimi nilisoma Nakuru kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne na sikuwahi kuambiwa kwamba mtu huyu alikuwa mbunge wetu.

Sisemi Kubai aliiba. Wala sisemi Kaggia alikuwa malaika. Mwishowe yeye mwenyewe alirudi KANU. Ninachosema ni kwamba mji huu uliwahi kuwa na majibu mawili mbele yake, na jibu lililobaki kwenye kumbukumbu ni lile la nyumba kubwa.

Kuna wengine ambao hawakuulizwa kabisa. Tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alikuja kwenye Town Hall ya Nakuru kuzungumza na mamia ya walowezi. Aliwaambia tusahau yaliyopita, tusameheane, wabaki na wazidi kulima. Kusamehe si kosa. Nchi changa haiwezi kuanza kwa visasi. Lakini angalia nani alisamehewa na nani alikaguliwa. Hakuna aliyewauliza walowezi wamejifanyia nini, kwa sababu jibu lilikuwa limeuzunguka mji pande zote, lenye ng'ombe wa maziwa na ngano hadi Njoro na Solai. Aliyekuja kuulizwa miaka miwili baadaye ni yule aliyetaka ardhi hiyo igawiwe.

Baada ya hapo swali likawa sera. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao wakiwa bado kazini. Afisa anayetoa leseni akawa na kampuni inayoomba leseni. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha tulikofika: misitu, viwanja vya shule, hifadhi za barabara, hata maeneo ya makaburi yaligawiwa watu binafsi, na hati zilizotolewa kinyume cha sheria tangu uhuru zilikisiwa kuwa takriban 200,000. Msitu wa Mau, ambako Mto Njoro hutoka ukielekea Ziwa Nakuru, ulimegwa vipande na wanasiasa wakavitumia kama njugu za kampeni. Kila mmoja wa watu hao, ukimuuliza swali la Kandara, ana jibu safi kabisa. Amejifanyia mengi.

Najua kuna msomaji anayesema: hebu tulia, kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Ndivyo binadamu alivyo. Mama mboga haamki saa kumi usiku kwa ajili ya taifa. Anaamka kwa ajili ya karo ya watoto, na sisi tunapata sukuma. Acha kila mtu ahasle, nchi itajijenga.

Nakubali nusu. Sina ugomvi na mama mboga. Yeye anavuta ngozi ya ngoma yake. Ugomvi wangu ni na mtu anayevuta ngozi ya ngoma tuliyoichanga sote, halafu ikipasuka anatuambia tununue nyingine. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa katika shamba la kibinafsi huko Solai, kaunti yetu hii hii, lilipasuka na maji yakashuka kwenye nyumba za watu waliokuwa ndani. Walikufa watu wasiopungua 48, wengi wao watoto na kina mama. Mamlaka ya maji ilisema bwawa halikuwa na leseni. Bwawa halijengwi usiku mmoja chini ya kitanda. Lilionekana kwa miaka, na kulikuwa na watu wanaolipwa mshahara wa umma ili waliangalie. Kesi ikazunguka mahakamani mwaka baada ya mwaka. Jirani akivuta kwake bila anayemzuia, maji hayaulizi nani alikuwa anahasla kwa bidii.

Wengine watasema anayepigania cha wote ana wivu tu, kwa kuwa hana chake. Basi tuzungumze kuhusu J.M. Kariuki. JM alikuwa tajiri. Alikuwa na mali na farasi wa mashindano, na swali la Kandara lisingemkwaza hata kidogo. Lakini alisema waziwazi kwamba hataki Kenya ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Machi 1975 mwili wake ulipatikana Ngong, ameuawa. Kwa hiyo usiniambie shida ilikuwa mfuko mtupu wa Kaggia. Mwenye mfuko mtupu alichekwa, na mwenye mfuko uliojaa akauawa, kwa sababu wote wawili walitaja jambo lile lile.

Ujanja mkubwa kuliko wote umefanyika hapa kwetu Bonde la Ufa: tumbo la mtu mmoja limevalishwa jina la kabila zima. "Ni zamu yetu kula." Mwaka 1992, kisha tena mapema 2008, majirani wa Nakuru, Molo na Olenguruone waligeukiana kwa mapanga na mishale kwa ajili ya "watu wetu." Baadaye uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Katika mahema yale hukumkuta mheshimiwa wa upande wowote. Watu wetu walilala kwenye matope, na wenye watu wakalala kwao. Ukisikia mwanasiasa akisema jamii inaonewa wakati yeye ndiye aliyenyimwa kiti, ujue unaombwa umbebee mzigo wa tumbo lake na ukibidi ufe nao.

Sasa tuje kwetu, kizazi kinachojiita hakina kabila. Juni 2024 tulijaa Kenyatta Avenue dhidi ya Mswada wa Fedha. Siwezi kusahau: wageni wakigawana maji ya kunywa, hakuna aliyemuuliza mwenzake anatoka wapi. Vijana waliuawa nchini siku ya tarehe 25. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada. Na kabla ya Julai kwisha, wanasiasa wanne wa ODM, chama kikubwa cha upinzani, walikuwa wameteuliwa kuingia kwenye baraza la mawaziri. Tulitukana sana mtandaoni. Lakini jiulize, msee, ni nani waliwapokea wateule hao makwao kwa nyimbo na mafahali? Ni nani huwa tunawafuata mtandaoni ili tuone saa na magari yao? Tumekuwa na neno tamu la jambo hili: ameomoka. Hatuulizi ameomoka kwa kupanda nini.

Ndiyo maana nasema swali la Kandara limetuharibu kuliko mwizi yeyote. Mwizi anaweza kushtakiwa. Swali hili tumelimeza, na sasa linafanya kazi ya mwizi bure. Diwani mwaminifu akimaliza muhula bila ghorofa, tunamwita fala na tunampigia kura mwenye ghorofa, kwa hoja kwamba aliyeshiba hataiba tena. Nionyeshe mmoja aliyeshiba. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inasema mamlaka ya ofisi ya umma ni amana. Maneno hayo yataendelea kulala kwenye karatasi mradi sisi wapiga kura tunaona amana ni ya wajinga.

Sihubiri umaskini. Nataka kulipwa kwa makala zangu, nataka nyumba isiyovuja, na sitaki kiongozi anayekula vumbi ili nimsifu. Nataka tubadilishe swali tu. Mtu akiomba kura au akiwa tayari na kiti, asiulizwe amejifanyia nini. Aulizwe ametufanyia nini, na alichojifanyia alikitoa wapi. Hilo la pili hasa. Liulizwe mazishini anapotoa bahasha, liulizwe kanisani anapoanza kuhesabu milioni zake mbele ya altare, liulizwe na yule yule tuliyekula naye madondo.

Wiki iliyopita nilimtafuta mwalimu. Nilitaka kumwomba msamaha kwa kile kicheko, lakini nilishindwa kuanza, kwa sababu yeye hata hakusikia. Alinipa nakala ya barua ya kiwanja niisome kama Kiswahili chake bado kiko sawa. Kiko sawa. Ina sahihi 23, yangu ikiwa ya saba. Nyumba za mtaa wetu ni mamia, na yale mawe ya mpaka tayari yamepakwa rangi.