Ukiona Vyaelea: Dhidi ya Uhakiki wa 'Sanaa ya Taka'

Yamezuka mazoea miongoni mwa wahakiki wa sanaa nchini Kenya ya kuzibatiza kazi nyingi zitokazo katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kwa jina moja: sanaa ya taka. Aghalabu jina hilo hutolewa kwa nia njema, hata kwa sifa. Mhakiki huingia katika ukumbi wa maonyesho, akaona waya, vizibo vya chupa, vijiko vilivyopindwa na mabati yenye kutu. Akaandika kwamba msanii ameipa taka uhai na kwamba kazi yake ni kilio cha wanyonge. Kisha huweka kalamu chini. Jinsi kazi hiyo ilivyoundwa haigusii kamwe. Makala haya yanadai kuwa huo si uhakiki. Ni taarifa ya makazi ya msanii iliyovikwa joho la uhakiki.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana sababu ya kulitambua kosa hili, maadamu limewahi kutendwa nyumbani kwao. Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo waliokuwa wakiyapima mashairi kwa sheria zilizoratibiwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 waliona tu kilichokosekana, yaani vina na mizani. Baadhi ya watetezi wa mashairi huru nao walijibu kwa kuyasifu maudhui, kana kwamba ujumbe mzito unatosha kuyafanya maneno kuwa shairi. Pande zote mbili ziliupuuza mshororo wenyewe: mahali ulipokatwa, mapigo yake, na ukimya unaoufuata. Hivyo ndivyo inavyotendewa leo sanaa ya Eastlands. Anayeidharau huihesabu kuwa taka. Anayeitetea huihesabu kuwa taka yenye ujumbe. Hakuna aitazamaye fani.

Ichukuliwe mathalani miwani ya Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa mwaka 1984 na kukulia mkabala wa jaa la Dandora. Imeandikwa mara nyingi kwamba huunda miwani kwa vyuma na waya zilizotupwa. Imeandikwa mara chache mno kwamba miwani ni umbo lenye arudhi kali. Sharti iwe na macho mawili, daraja la puani, na mikono miwili ya kushika masikioni. Sharti ivalike, isimwangukie mvaaji. Ndani ya mipaka hiyo msanii hubadilisha kila kitu kingine: uzito, kimo, kinachozuia kuona na kinachoruhusu. Hali hiyo haina tofauti na ya mshairi aliyefungwa na mizani minane kwa minane, naye akatafuta uhuru wake humo humo. Mhakiki aliyezoea kuchambua tarbia angepaswa kuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Badala yake husimulia habari za jaa.

Vivyo hivyo kwa kundi la Wajukuu, lililoanzishwa na wasanii wa Mukuru mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kundi hilo lilialikwa mwaka 2022 katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Huko lilifunika lango la ukumbi kwa mabati na kuwafanya wageni waingie kwa kupita njia ya giza. Mtu akisema kwamba mabati hayo yanawakilisha umaskini wa Mukuru, amesema kweli iliyo nyepesi kuliko zote. Bati lile lina migongo inayovunja mwanga. Hupiga kelele likiguswa. Kutu yake ni rangi isiyopakwa kwa brashi. Wasanii walizitumia sifa hizo kuuondoa ukuta mahali pake pa kawaida na kuufanya kuwa njia. Katika maonyesho hayo hayo, Ngugi Waweru, mmoja wa wanakundi, aliweka kazi iliyoundwa kwa visu vilivyochakaa. Kisu kilichonolewa kwa miaka mingi huwa chembamba. Umbo lake limechongwa na kinoo na mkono wa mtumiaji kabla ya msanii kukiokota. Hapo wakati wenyewe umekuwa mbinu. Kuiita kazi hiyo taka ni kukiri kwamba mtu hakuitazama.

Inadaiwa wakati mwingine kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kuzungumzia mambo haya, ndiyo maana mhakiki hukimbilia istilahi za katalogi za Kiingereza. Dai hilo halina msingi. Mafundi wa Kamukunji, wanaofua masanduku, makarai na majiko kutoka kwa mapipa na mabati, na wenzao wa Kariobangi, hawafanyi kazi wakiwa mabubu. Wana kulehemu na kuchomelea, kupinda na kukunja ukingo, kupiga ribiti, kupiga msasa na kupuliza rangi. Kila kitenzi kati ya hivyo kinataja uamuzi. Kipande kilichochomelewa hakisemi sawa na kilichofungwa kwa waya: cha kwanza kinadai kudumu, cha pili kinakiri kwamba kinaweza kufunguliwa. Msanii mwingi wa Eastlands amejifunza tofauti hiyo karakanani kabla ya kuingia ukumbini. Upungufu basi haumo katika lugha, bali katika miguu ya wahakiki isiyofika huko.

Isidhaniwe kwamba ugomvi huu ni wa majina matupu. Jina huzaa hukumu. Michoro ya matatu za Buruburu, Umoja na Kayole ilihesabiwa na serikali kuwa vurugu. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na kutekelezwa kuanzia Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, zikaleta mstari wa manjano na kuifuta. Ilipofika mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza michoro hiyo iruhusiwe, kwa hoja ya ajira za vijana. Katika marufuku na katika ruhusa, hoja ya sanaa haikuwa na uzito. Haikuwapo maktaba ya uhakiki iliyoeleza mitindo ya wachoraji hao, jinsi herufi zinavyotanuliwa kwa gari linalosomwa likiwa mbioni, au jinsi sura inavyopangwa kulizunguka dirisha. Kazi nyingi zilifutwa bila kuandikiwa hata ukurasa mmoja.

Kuna pingamizi moja linalostahili kujibiwa kwa uzito. Huenda ikasemwa kwamba kusisitiza fani ni kuupamba uchafu, na kwamba msanii maskini hachagui malighafi bali huchaguliwa nayo. Ni kweli jaa la Dandora si bustani. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na taka zikaendelea kumwagwa. Uchunguzi uliotolewa na UNEP mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa maeneo ya karibu. Nusu yao walikutwa na risasi damuni kwa kiwango kilichofikia au kuvuka mpaka unaokubalika. Lakini hoja hiyo humhukumu zaidi mhakiki wa taka. Ndiye aliyeyageuza mambo haya kuwa istiari ya tumaini bila kuuliza chuma kilitoka wapi, kilipakwa rangi gani na moshi wake humwingia nani. Anayeisoma malighafi kwa makini hulazimika kuijua sumu yake pia. Kuhusu kukosa hiari, mshairi naye hakuichagua lugha aliyozaliwa nayo. Hupimwa kwa alichoifanyia.

Idara za fasihi zina wajibu hapa. Mwanafunzi anayefunzwa kutenga fani na maudhui katika shairi, kisha kuziunganisha tena, amekwisha kupata zana za kuisoma miwani, bati na ubavu wa matatu. Kinachohitajika ni tasnifu zitakazoandikwa baada ya muhula mmoja karakanani, na si baada ya jioni moja ya ufunguzi wa maonyesho. Wahenga walikwisha kutoa kanuni yote ya uhakiki huo kwa maneno machache: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mhakiki asiyeuliza vimeundwaje na aache kuandika kuhusu bahari.