Mama Ametia Sahihi Asichokisoma. Wewe Msomi Ulikuwa Wapi?



Ya leo hayatakufurahisha, lakini soma mpaka mwisho ndio unijibu.

Kila Januari ni yale yale. Mtoto amepata shule. Barua ya kujiunga inakuja, kurasa sita saba za Kizungu: karo, godoro, ndoo, sare, na mwisho kabisa ukurasa wa kanuni za shule, chini yake mstari wa mzazi kutia sahihi. Mama ametoka kwenye kibanda chake cha mitumba, amechoka, anauliza swali moja tu: "Pesa ngapi?" Akishaambiwa, anatia sahihi. Karatasi inarudi shuleni.

Februari msichana anarudishwa nyumbani kwa sababu ya mtandio. Mama analia getini. Mwalimu mkuu hana haja ya kubishana naye. Anafungua faili: "Mama, hii si sahihi yako?"

Haya nimeyaona kwa macho yangu hapa Malaba. Niliitwa niende "kuongea na mwalimu". Nikaisoma ile karatasi pale pale getini. Imeandikwa wazi kwamba kitambaa cha kichwa hakiruhusiwi na kila mwanafunzi atahudhuria ibada ya Jumapili. Mama hakujua hata moja. Na nyumbani kwake kuna kijana mwenye cheti cha chuo, Kizungu anakisoma kama maji. Hakumwambia mamake, "Lete nikusomee kwanza." Alishtuka dada yake alipofukuzwa. Akapiga picha, akaposti, tukamjazia like na "Allahu Akbar". Dada yake alikaa nyumbani wiki tatu.

Wallahi tusidanganyane. Like hairudishi mtoto darasani.

Najua utasema katiba iko upande wetu. Kweli iko. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake, na asilazimishwe kufanya tendo lililo kinyume na imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza ubaguzi wa dini wakati wa kuandikisha watoto. Huku kwetu magharibi shule nyingi za serikali zina kanisa kama mfadhili, na hilo si kosa. Lakini kifungu cha 27 cha sheria hiyo hiyo kinampa mfadhili kazi ya kulea roho za wanafunzi huku akilinda imani ya wasio wa dhehebu lake.

Sasa sikiliza kisa cha Isiolo. Mwaka 2014 ulizuka mzozo wa hijabu katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Kanisa likaenda mahakamani, na mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, akaingia kwenye kesi kutetea wasichana. Mahakama Kuu ikaamua upande wa kanisa mwaka 2015. Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi huo Septemba 2016, tukashangilia. Halafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta ule ushindi.

Wengi wenu mnaamini siku ile mahakama ilisema hijabu ni haramu shuleni. Haikusema hivyo. Majaji wengi walisema dai la mzazi halikuletwa kwa utaratibu unaotakiwa, kwa hiyo hawangeweza kuliamulia. Jaji Ojwang peke yake ndiye aliyetofautiana nao. Mahakama ikapendekeza bodi ya shule iwakutanishe wahusika washauriane kuhusu mavazi.

Umeelewa? Tulianguka kwa utaratibu. Na aliyekuwa kidato cha kwanza kesi ilipoanza alimaliza shule 2017, uamuzi wa mwisho haujatoka. Mahakama ikatuma watu warudi kwenye meza ya shule, pale pale ambapo sisi hatukai.

Kwa nini hatukai? Sababu nyingine ni za shule. Mkutano wa wazazi unaitwa Ijumaa saa saba mchana, kisha wanasema wazazi Waislamu hawajali. Ujumbe unatumwa kwa Kizungu kwenye grupu ya WhatsApp, na mama ana kabambe. Au unatumwa kwa laini ya Kenya na baba anashinda upande wa Uganda na laini ya huko. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo ukiomba kanuni za shule kwa Kiswahili, huombi sadaka.

Lakini sababu nyingine ni zetu, na hapa tusimsingizie mtu. Shule nayo ina haki ya kutazamia kitu kutoka kwetu: mzazi ahudhurie, karo ijadiliwe mapema badala ya kukimbiwa, mtoto afike siku ya kufungua. Mwalimu ambaye hajawahi kukuona tangu Januari, akikuona Februari umekuja na watu kumi mnafoka, atakusikilizaje?

Sheria imetupa viti. Bodi ya shule ya umma ina nafasi 6 za wanaochaguliwa kuwakilisha wazazi, na mfadhili ana 3. Chama cha wazazi kina wawakilishi wa kila darasa. Jiulize: katika shule anayosoma mdogo wako, nani anawakilisha wazazi? Kama hujui, basi usiseme tumeonewa kwenye uchaguzi ambao hukwenda.

Kwa hiyo mwezi huu fanya haya manne.

1. Chukua barua ya kujiunga, keti na mama, msomee neno kwa neno kwa lugha anayoielewa. Asitie sahihi kabla hujafika mwisho.

2. Kama kuna kanuni inayogusa dini, asiichane barua wala asikatae shule. Mwandikieni mwalimu mkuu kwa heshima, leo, mkieleza kanuni gani, kwa nini, na mnaomba nini: mtandio wa rangi ya sare, ruhusa ya kutohudhuria ibada, mahali pa kuswali. Bakini na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa.

3. Mkitaka maelezo ya kanuni au ya malipo mkanyimwa, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Shule ya umma ni ofisi ya umma, na ina siku 21 za kujibu.

4. Nendeni kwenye mkutano wa wazazi. Mama akiwa sokoni au baba yuko safarini na lori, omba kwa barua uruhusiwe kumwakilisha. Ukiitwa Ijumaa saa saba, andika uombe saa nyingine, na andikeni wengi.

Najua barua haina utamu wa kuposti. Haina kelele, haina picha. Lakini siku mwalimu mkuu atakapofungua faili tena, nataka akute karatasi mbili: ile ya shule, na ya mama yako yenye tarehe ya Januari.

Leo jioni, kabla ya Isha, muulize mama barua iko wapi.

Wabillahi tawfiq.