Pori Lina Wenyewe

Msafiri apitaye Yukon, kaskazini-magharibi ya Kanada, ndani ya gari lenye kitanda na jiko lake, akilala katika kambi za porini kando ya mito, aghalabu hudhani kwamba nchi ile ni ukiwa usio na mwenyewe. Na dhana hiyo, kwa rai yangu, ni dhuluma.

Wenyewe wapo. Mwishoni mwa karne ya 19, dhahabu ya Klondike, huko huko Yukon, ilipoleta umati wa wageni, Chifu Isaac aliwahamishia watu wake, Tr'ondëk Hwëch'in, Moosehide, mwendo mfupi kuufuata mto kutoka mji wa Dawson, na kwa kuchelea nyimbo zao zisipotee, akaziweka amana, pamoja na fimbo ya kuchezea ngoma, kwa jamaa zao wa Alaska, waliozihifadhi hata zikarejea vizazi kadhaa baadaye.

Hivi leo, kila baada ya miaka miwili, Tr'ondëk Hwëch'in hukusanyika Moosehide wakati wa kiangazi, na wageni huvushwa kwa mashua, wakakirimiwa chakula na kuzisikiliza nyimbo zile zile. Basi namsihi msafiri asiipange safari yake kwa kuhesabu milima tu, bali ailinganishe na tarehe za mkusanyiko huo, apige hodi, akae kitako na wazee, na kamera asiitoe ila kwa idhini.