Dawa isiyo na jina ilimwua Simba wa mjomba

Leo nataka tuzungumze juu ya mbwa na kupe. Najua wapo watakaofungua ukurasa unaofuata mara moja, wakisema kwamba nyumba yao ya kupanga mjini haina nafasi hata ya paka, sembuse mbwa. Ngojeni kidogo. Wengi wetu tuishio mijini tuna nyumbani kwingine, kwa wazazi au kwa wajomba, na huko kuna mbwa anayewalinda watu wetu usiku. Isitoshe, hatari nitakayoieleza inawahusu watoto wako sawasawa na inavyomhusu mbwa.

Mjomba wangu anaishi Ziwa, kaskazini mwa mji wa Eldoret, katika Kaunti ya Uasin Gishu. Hiyo ni nchi ya mahindi, ngano na maziwa. Katika boma kama la mjomba, mbwa si wa kubebwa mikononi wala kulala kwenye kochi. Mbwa ni mfanyakazi. Asubuhi Simba aliwafuata ng'ombe malishoni, mchana alilala mlangoni pa ghala, na usiku alizunguka boma mpaka kukucha. Mshahara wake ulikuwa ugali na maziwa kidogo. Mjomba alizoea kusema kwamba tangu ampate Simba, yeye hulala usingizi wa mtu tajiri.

Lakini mbwa anayetembea nyasini na ng'ombe hurudi na wageni. Katika likizo ya Aprili mwaka 2024, mvua za masika zilipokuwa zimeotesha nyasi, nilimkuta Simba amejaa kupe masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Mjomba alinunua dawa kwenye duka moja la pembejeo na dawa za mifugo. Hakutaka chupa nzima, kwa kuwa mwezi huo pesa zilikuwa zimeishia kwenye mbegu na mbolea. Akapimiwa kidogo katika chupa tupu ya soda. Haikuwa na jina, haikuwa na kipimo, wala alama yoyote ya hatari.

Jumamosi asubuhi, binamu yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyempenda Simba kama ndugu, alijitolea kumwogesha. Akamimina vifuniko vitatu vya dawa ndani ya beseni, akaongeza maji kwa kukisia, akamsugua Simba na mtoto wake mmoja wa miezi miwili. Simba akatikisa mwili, akajilamba kama mbwa wafanyavyo. Kabla ya saa saba mchana alikuwa akitokwa na udenda na kuyumba kama mlevi. Jioni hakuweza kusimama.

Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki. Jambo la kwanza alilosema halikuwa juu ya mbwa. Alisema, "Mzee, nionyeshe chupa ya dawa."

Mjomba akamletea chupa ya soda. Daktari akainusa, akaitazama mwangani, akatikisa kichwa.

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua. Dawa za kupe si za ukoo mmoja. Kuna ukoo wa oganofosfati, na kuna ukoo wa amitrazi. Mnyama aliyedhurika kwa oganofosfati hudungwa atropini, dawa ambayo huweza kuyaokoa maisha yake. Lakini atropini hiyohiyo haifai kwa aliyedhurika kwa amitrazi, na huweza kumzidishia taabu. Huyo ana dawa yake nyingine. Daktari alikuwa amesimama mbele ya mgonjwa ambaye dalili zake zilikuwa zimechanganyika, usiku unaingia, na kitu pekee ambacho kingemwongoza, yaani karatasi ya maelezo, kilibaki dukani.

Alimwosha Simba kwa sabuni na maji mengi, akamwekea dripu, akamfunika gunia ili apate joto, akakesha naye. Simba alikufa kabla ya jogoo wa kwanza. Mtoto wake alipona, Mungu anajua vipi.

Asubuhi binamu yangu alimwuliza baba yake, "Ni mimi niliyemwua?" Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akamjibu, "La, mwanangu. Ni mimi niliyenunua dawa isiyo na jina."

Sasa tujiulize, tumefikaje mahali ambapo sumu ya kupe inakaa jikoni ndani ya chupa ya soda? Wazee watakumbuka majosho ya ng'ombe, au dipu kama wengi tunavyosema. Zamani ng'ombe walipelekwa joshoni kwa siku maalumu, wakaruka ndani ya maji yenye dawa, wakatokea upande wa pili wamelowa. Sheria ya kuogesha ng'ombe iko katika vitabu vya Kenya, kwa sababu kupe wa masikioni huwaambukiza ng'ombe ndigana kali, ugonjwa ambao umewafilisi wafugaji wengi. Dawa ilikaa joshoni, na mhudumu wa josho ndiye aliyeipima. Serikali ilipopunguza mkono wake na kazi hiyo kuachiwa wananchi, hasa katika miaka ya 1990, majosho mengi yalikauka. Kila boma likajinunulia bomba la kunyunyizia. Dawa ikahamia nyumbani, lakini ujuzi wa kuipima haukuhama pamoja nayo.

Wengine watasema basi kupe waachwe, mbwa wa kiasili ni mgumu. La hasha. Kupe humletea mbwa magonjwa mawili yanayoogopwa sana. La kwanza ni babesia, ambalo huvunja chembe nyekundu za damu. Mbwa hupata homa, fizi zake huwa nyeupe, na mkojo wake huweza kuwa mwekundu au mweusi kama chai ya rangi. La pili ni ehlikia, lililotambuliwa kwa mara ya kwanza kule Algeria mwaka 1935. Hilo hula mbwa polepole: hukonda, huchoka, na wakati mwingine hutokwa na damu puani. Katika vita vya Vietnam, mbwa wengi wa kazi wa jeshi la Marekani waliangamizwa na ugonjwa huo. Ikiwa mbwa wa jeshi, wenye madaktari wao, walishindwa na kupe, wetu ana ugumu gani?

Basi dawa ni lazima. Swali ni ipi, na kwa bei gani. Sikiliza kwa makini, wewe mwanafunzi unayerudi nyumbani likizo, maana mara nyingi kazi hii huangukia mikononi mwako.

Kwanza, soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Ikiwa mbwa hakutajwa, dawa hiyo si ya mbwa, hata kama jirani amewahi kuitumia. Dawa za kunyunyizia zilizosajiliwa nchini huwa na nambari ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, ambayo hufahamika kwa herufi PCPB. Chupa isiyo na nambari hiyo iache palepale dukani.

Pili, pima kwa kipimo, si kwa jicho. Chukua mfano wa amitrazi yenye nguvu ya asilimia 12.5, ambayo hutumika sana kwa ng'ombe. Kipimo chake cha kawaida ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, ndiyo maana chupa ndogo ya mililita 40 hutosha lita 20. Sasa kifuniko kimoja cha chupa ya plastiki huweza kubeba mililita 5. Ukitia vifuniko viwili katika lita moja, umempa mnyama mara tano ya kipimo. Bomba la sindano la mililita 5, bila ile sindano yenyewe, hupatikana kwa bei ya vitafunio, nalo lina mistari ya kupimia. Linunue, uliandike "KUPE", na lisiingie jikoni.

Tatu, watoto wa mbwa, mbwa mwenye mimba na anayenyonyesha wasiguswe na dawa hizi kabla ya kumwuliza daktari. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne hastahili kuogeshwa kwa amitrazi. Ng'oa kupe wake mmoja mmoja kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi.

Nne, kama una paka, jihadhari sana na dawa za jamii ya pemethrini. Mbwa huzistahimili, lakini paka hufa, hata kwa kulala tu karibu na mbwa aliyepakwa muda huohuo. Na wenye mbwa wa kizungu aina ya koli, au waliochanganyika na koli, msikubali wadungwe ivamektini ya ng'ombe. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, walitambua kasoro ya kurithi katika mbwa hao ambayo huifungulia dawa hiyo njia ya kuingia ubongoni.

Tano, anayeogesha avae glavu, asimame upande upepo unakotoka, na akimaliza anawe kwa sabuni. Mbwa azuiwe kujilamba mpaka akauke. Watoto wasimkumbatie siku hiyo. Maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni. Na wale wanaopaka mbwa oili chafu ya gari au mafuta ya taa, waache. Vitu hivyo huunguza ngozi, na mbwa akivilamba humdhuru tumboni.

Tuje kwenye pesa, maana najua ndiko macho yenu yaliko. Bei hubadilika kila duka, kwa hiyo tutumie mfano tu. Tuseme ile chupa ya mililita 40, yenye karatasi yake na ambayo mbwa ametajwa, inauzwa shilingi 200. Mbwa mmoja mkubwa hutosheka na lita 2 za maji, yaani mililita 4 za dawa. Hiyo ni shilingi 20 kwa kuogeshwa mara moja. Usichanganye dawa nyingi ukaiweka mpaka juma lijalo, kwa kuwa ikishachanganywa na maji huanza kupoteza nguvu.

Kwa upande mwingine kuna vidonge vya kisasa, kama vile fluralana, ambavyo mbwa humeza kimoja na kukingwa kwa wiki 12 hivi. Tuseme kidonge kinauzwa shilingi 3,000. Unashtuka! Lakini wiki 12 ni siku 84, basi ni kama shilingi 36 kwa siku. Kwa mwenye mbwa mmoja mjini, au mwenye watoto wadogo wanaomshikashika mbwa, huenda ikawa ni pesa iliyotumika vyema, maana hakuna dawa inayobaki kwenye manyoya. Hata hivyo kidonge nacho si maji. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba dawa za ukoo huo huweza kuwaletea mbwa wachache mitetemeko na kifafa, ingawa wengi hawadhuriki. Mbwa aliyewahi kuanguka kifafa daktari ajulishwe kwanza.

Na kuna kinga ambayo gharama yake ni jasho tu. Kupe wa hudhurungi, yule mpenzi wa mbwa, huishi sehemu kubwa ya maisha yake nje ya mwili wa mbwa. Akishashiba hudondoka, hupanda ukutani, hujificha kwenye nyufa za kibanda, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa na kumrudisha katika kibanda kilekile, unachota maji kwa pakacha. Toa magunia ya kulalia uyachome au uyachemshe, ziba nyufa, fagia, kata nyasi kuzunguka boma. Kisha kila jioni mpapase mbwa masikioni na vidoleni. Dakika tano zatosha.

Niliporudi Ziwa likizo ya Desemba, nilikuta yule mtoto wa Simba amekuwa kijana mwenye sauti nzito. Kibanda chake kilikuwa kimepigwa lipu upya. Kwenye ukuta wa ghala, juu mahali ambapo mtoto hafiki, kulikuwa na kisanduku chenye kufuli. Ndani mlikuwa na chupa moja iliyobandikwa karatasi yake, bomba la sindano, glavu, na nambari ya simu ya daktari iliyoandikwa kwa mwandiko wa binamu yangu. Mjomba aliniambia kwamba miezi ile yote amekuwa akilala sebuleni, tochi mkononi, akisikiliza kila kishindo, na kwamba malipo ya daktari usiku ule yangemnunulia chupa nzima za kutosha mwaka mzima. Rahisi ni ghali, walisema wahenga.

Kabla hujalala leo, msomaji wangu, fanya jambo moja. Pitia kabati, chini ya kitanda na nyuma ya mlango wa jikoni. Ukikuta chupa ya soda yenye kitu ambacho hukumbuki ni nini, iondoe mahali watoto wanapofika, uifungie, na umwulize daktari wa mifugo au mwenye duka jinsi ya kuitupa salama. Mjomba alipoteza mbwa. Mtoto mwenye kiu angeweza kuikuta chupa ileile.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia uzima.